Mzee Anang'atuka, Nani Ashike Kisu?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtayarishaji msaidizi wa kipindi cha vichekesho vya televisheni ambacho msimu ujao kitatimiza miaka 18. Ni kipindi cha kila wiki cha maigizo mafupi: tunarekodi mbele ya hadhira Ijumaa, kinarushwa Jumamosi. Mwanzilishi wetu, ambaye sote tunamwita Mzee, ametangaza kwamba msimu ujao ndio wa mwisho kwake. Wakubwa wa kituo wanamtaka nyota mmoja aliyeanzia kwetu, akaondoka miaka sita iliyopita, na sasa jina lake linajaza ukumbi wowote. Mzee anamtaka mwandishi mkuu, mtu hodari lakini mkimya na asiyependa vikao. Waigizaji wananong'ona kwamba liundwe baraza la watu watatu. Mimi nimeagizwa niiandikie bodi mapendekezo ya kurasa mbili. Nimekaa hapa miaka 11, ratiba na bajeti zote zinapita mikononi mwangu, ila mwenyewe sijawahi kuandika hata mzaha mmoja ukarushwa hewani. Nimpendekeze nani? Na je, ni kweli kwamba kipindi cha namna hii hufa mwanzilishi akiondoka?"

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimtafuta mrithi humo ndani kama ulivyoniomba. Mara ya pili nilikwama kwenye sentensi uliyoipenyeza karibu na mwisho, ile ya miaka 11, ratiba na bajeti. Hiyo nitairudia nikimaliza mengine.

Nikikusoma vizuri, huogopi kukosea jina tu. Unaogopa kwamba jina lolote utakaloliandika litabeba lawama kipindi kikiyumba, na lawama hizo zitakurudia wewe uliyeshika kalamu. Ni hofu ya haki. Lakini imesimama juu ya dhana ambayo naona bodi yenu nayo inayo: kwamba kurithi kipindi ni suala la kumpata mtu. Kwa niliyoyaona, jina la mrithi si jambo la kwanza linaloangusha vipindi vya vichekesho. La kwanza ni wingi wa vitu vilivyobadilishwa kwa mkupuo siku ileile aliyoingia.

Chukua Saturday Night Live, kipindi cha maigizo mafupi cha kituo cha NBC, Marekani, kilichoanza Oktoba 1975 chini ya Lorne Michaels. Baada ya misimu mitano, mwaka 1980, Michaels aliondoka, na waigizaji wote wakaondoka naye, pamoja na karibu waandishi wote. Mmoja wa waliotajwa kurithi mikoba alikuwa Al Franken, lakini Mei mwaka huohuo alimfanyia dhihaka hewani Fred Silverman, rais wa NBC, na mlango ukafungwa hapohapo. Kiti akapewa Jean Doumanian, aliyekuwa mtayarishaji msaidizi. Alikuwa na miezi michache ya kuajiri kikosi kizima kipya, na fungu alilopewa lilikuwa pungufu kuliko la mtangulizi wake. Hakumaliza msimu. Mapema mwaka 1981 akaondolewa, na tangu hapo jina lake hutajwa kila watu wanapotaka mfano wa mrithi aliyeshindwa. Wanaolitaja husahau kwamba Eddie Murphy aliajiriwa katika msimu huohuo, akiwa na miaka 19. Mwanamke huyo alipanda mti ambao wengine ndio walikuja kula matunda yake.

Sasa iweke karibu na M*A*S*H, kichekesho cha CBS kilichoanza 1972. Larry Gelbart, kalamu kuu ya misimu ya mwanzo, aliondoka 1976. Gene Reynolds, mwenzake waliyekianzisha naye, aliondoka mwaka uliofuata. Usukani ukamwangukia Burt Metcalfe, aliyekuwemo tangu siku ya kwanza akishughulikia uteuzi wa waigizaji na kusaidia utayarishaji. Kipindi kilibadilika sauti, hilo halina ubishi. Mizaha ilipungua makali na huzuni ikaongezeka, na wapo wanaopenda nusu ya kwanza tu. Lakini kilidumu misimu sita mingine, na sehemu yake ya mwisho, tarehe 28 Februari 1983, ilitazamwa Marekani na watu zaidi ya milioni 100.

Doumanian na Metcalfe wote walitoka ndani ya nyumba. Wote walikuwa wasaidizi kwenye utayarishaji, na hakuna kati yao aliyepewa kiti kwa sababu ya kuchekesha. Mmoja alikabidhiwa nyumba tupu. Mwenzake alikabidhiwa nyumba yenye watu, jiko likiwaka, tena baada ya mwaka mzima wa kupokea mzigo nusu nusu. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, kipindi hakifi kwa sababu mwanzilishi ameondoka. Huwa katika hatari ya kufa anapoondoka na kila mtu anayejua mambo yanavyokwenda, na hilo bodi yenu inaweza kulizuia kwa mikataba kabla hata ya kufikiria mrithi. Kabla ya jina lolote, ukurasa wako wa kwanza useme nani lazima abaki: waandishi gani, mwongozaji, msimamizi wa jukwaa, yule anayejua kwa nini igizo fulani lilikataliwa miaka tisa iliyopita.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Muulize mtazamaji Mzee anafanya nini, atakwambia anachekesha. Wewe uliyekaa jirani na mlango wake unajua kwamba sehemu kubwa ya wiki yake huishia kwenye neno moja: hapana.

Tazama wiki ya Saturday Night Live ilivyopangwa, maana haijabadilika sana kwa miongo. Jumatatu waandishi na waigizaji hujazana ofisini kwa Michaels, ambaye alirudi mwaka 1985, kumpa mgeni wa wiki mawazo. Jumanne huandika mpaka alfajiri. Jumatano miswada kama 40 husomwa kwa sauti mezani, kisha kundi dogo hujifungia na kuchagua michache. Alhamisi na Ijumaa mandhari hujengwa, mavazi hushonwa, mazoezi hufanyika. Jumamosi saa 2 usiku kipindi kizima huchezwa mbele ya hadhira, makusudi kikiwa kirefu kuliko muda wa hewani, halafu kinakatwa tena kabla ya saa 5:30, saa ya kwenda hewani. Yaani mtu ameandika usiku kucha, ukuta wa igizo lake umepakwa rangi, ndugu zake wamekaa ukumbini, na igizo linaondolewa jioni ileile.

Hicho ndicho ninachokiita kisu, na hapo ndipo vipindi vya vichekesho hupona au kuharibika. Watu hudhani kisu hukata vibaya na kuacha vizuri. Laiti ingekuwa hivyo! Mara nyingi hukata kizuri kwa ajili ya kizuri kingine. Maigizo mawili yanachekesha, lakini yote yamejengwa juu ya mzaha uleule, moja liondoke. Jingine hadhira ililipasukia kwa kicheko, lakini kicheko kile kilikuwa cha aibu, na ukiliweka la pili katika mpangilio litayaua matatu yanayofuata. Mambo haya hayapigiwi kura. Yanamtaka mtu mmoja aliyeshikilia kipindi kizima kichwani, si igizo moja moja, aamue haraka, na kesho yake asiombe radhi.

Hapo ndipo penye sifa ninayoitafuta kwa mrithi kuliko zote. Usiniulize nani anachekesha zaidi. Niambie ni nani akisema hapana, aliyekataliwa hununa usiku mmoja, kisha Jumatatu anarudi na wazo jipya. Waandishi wa vichekesho ni watu wanaoishi kwa kukubaliwa. Ukiwakata vibaya hawagomi. Wanaanza kukuletea vitu salama, na usalama kwenye vichekesho ndio mwanzo wa kuzama. Niliwahi kukaa karibu na kipindi kilichompa usukani mwigizaji wake mchekeshaji kuliko wote. Alikuwa kipenzi cha kila mtu, na kwa sababu hiyohiyo hakuweza kumkata yeyote. Alipojaribu, alikata ya wale wasiokuwa rafiki zake. Hakumaliza mwaka, na hata hao rafiki zake hawakumtetea.

Kuna jambo jingine la chini kwa chini ambalo bodi hazilioni. Kwa miaka 18, waandishi wenu wamekuwa wakiandikia sikio la mtu mmoja. Kila mmoja ana Mzee mdogo kichwani anayemwambia hiki atakipenda, hiki atakitupa. Mzee akiondoka, Mzee mdogo haondoki. Mwaka wa kwanza wa mrithi, chumba kizima kitakuwa kinamwandikia mtu asiyekuwepo, na kitakachotoka kitafanana na kipindi cha zamani bila ule mshtuko wake, kwa kuwa mshtuko ulikuwa ukitoka kwa Mzee mwenyewe alipowageuka. Mrithi mzuri hulitambua hilo mapema. Katika wiki zake za mwanzo hupitisha kitu ambacho kila mtu anajua Mzee angekikata, na kikianguka anasimama mbele ya watu na kusema kilikuwa changu.

Kazi nyingine za Mzee nitazipitia haraka. Yeye ndiye ukuta kati ya waandishi na kituo: wadhamini wakilalamika, wanasheria wakiogopa, ni yeye anayepokea simu, na waandishi wala hawajui kwamba simu ilipigwa. Na yeye ndiye mlango: anayeona kijana wa miaka 20 jukwaani na kujua atakuwa nani baada ya misimu miwili. Kisu, ukuta, mlango. Mzee wenu alivishika vyote kwa sababu alivijenga mwenyewe, kimoja baada ya kingine. Hakuna sheria inayosema mrithi avirithi vyote siku moja.

Sasa nyota wa kituo. Sina ugomvi naye, na usiandike kana kwamba unao. Wakubwa wanaomtaka si wajinga. Wanaogopa wadhamini kukimbia, na jina lake ni bima ya miezi mitatu au minne. Baada ya hapo watazamaji hutazama kipindi, si jina. Michaels mwenyewe aliporudi Saturday Night Live mwaka 1985, alileta waigizaji waliokuwa wakitambulika kwenye sinema, akiwemo Robert Downey Jr. aliyekuwa na miaka 20. Msimu ule ulikwenda vibaya kiasi kwamba kipindi kilinusurika kufutwa, na mwaka uliofuata karibu kikosi chote kilibadilishwa. Mwanzilishi mwenyewe, na majina, na bado. Kilichokiokoa ni watu kama Dana Carvey na Phil Hartman, ambao wakati huo wengi walikuwa hawawafahamu.

Swali la kumuuliza nyota wenu, ana kwa ana na bila wakala wake, ni moja: usiku wa kuandika atakuwa wapi? Akijibu kwamba atakuwa chumbani na waandishi, kila wiki, misimu miwili, basi mjadala unafunguka upya na mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia debe. Akianza kuzungumzia ratiba ya ziara zake, mpeni siku, msimpe funguo. Ndivyo The Daily Show, kipindi cha Marekani cha kejeli za habari, ilivyomrudisha mwendeshaji wake wa zamani Jon Stewart Februari 2024: anaendesha Jumatatu, siku nyingine wanashika wenzake wa kipindi, na mashine yenyewe haimngoji yeye ili izunguke. Nyota wenu anaweza kuja kuwa mgeni, kufungua msimu, kufunga msimu. Kituo kitapata picha yake kwenye matangazo, nanyi hamtakuwa na kiongozi anayeongoza kwa simu akiwa uwanja wa ndege.

Baraza la watu watatu? Wanaolitaka nawaelewa: kila mmoja anatumaini mmojawapo wa watatu atakuwa upande wake. Hilo peke yake linatosha kulikataa. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na kwenye vichekesho mrama huanza saa ya kisu, pale wawili wanapotaka igizo libaki na wa tatu ndiye mwenye sikio. Wawili nimewaona wakifaulu, kwa sharti kwamba walikuwa jozi kabla ya kupewa cheo. The Simpsons, katuni ya vichekesho ya Marekani, imeongozwa na jozi za namna hiyo zaidi ya mara moja, Al Jean na Mike Reiss, kisha Bill Oakley na Josh Weinstein, watu waliokuwa wameandika pamoja miaka mingi. Jozi haiundwi na bodi.

Mtu atakutajia Have I Got News for You ya BBC, shindano la mizaha kuhusu habari za wiki. Oktoba 2002 ilimwondoa mwendeshaji wake Angus Deayton, na tangu hapo imekuwa ikialika waendeshaji tofauti kwa zamu, nayo bado ipo. Ni kweli, na ni mfano mzuri, ila usome ulivyo. Pale kiti cha katikati ndicho kinachozunguka. Ian Hislop na Paul Merton, manahodha wa timu mbili waliokuwemo tangu 1990, wamebaki pembeni na kukumbuka kwa niaba ya wote. Zamu zinawezekana kwa anayeonekana. Kwa anayekata, hapana.

Anabaki mwandishi mkuu. Mzee anamtaka, na sikio la Mzee halijawadanganya kwa miaka 18, kwa hiyo lina uzito. Lakini waanzilishi nao wana udhaifu wao: hupenda kumwachia yule anayewakumbusha wao wenyewe walivyokuwa, au yule asiyeweza kuwafunika. Ukimya wa mtu huyu haunisumbui. Kisu hakihitaji sauti kubwa. Kutopenda vikao kunanisumbua kidogo, maana asiyekwenda kikaoni hawezi kuwa ukuta, na kituo kitamla taratibu, igizo moja baada ya jingine, yeye akiwa amekaa kimya. Hilo lina tiba, na tiba yake ni kugawa kazi: yeye ashike kisu na mlango, ukuta upewe mtu mwingine kwa cheo rasmi na kwa maandishi.

Usipendekeze hilo kwa kukisia. Mna msimu mzima mkononi, jambo ambalo wengi hawalipati. Mwombeni Mzee asafiri wiki mbili mfululizo katikati ya msimu, simu imezimwa kweli, na msitangaze nani anakaimu. Kisha wewe, uliyezoea kuangalia bila kuonekana, tazama tu. Usiku wa kuandika, mwandishi aliyekwama anakwenda mlango wa nani? Baada ya mazoezi ya mwisho, macho yanageukia wapi kabla mtu hajasema neno? Igizo likikatwa, aliyekatwa anarudi kuuliza sababu au anakwenda kulalamika korido? Na nani, katika wiki hizo mbili, atampigia Mzee kwa siri nyumbani kwake? Huyo wa mwisho muweke pembeni, hata awe na kipaji namna gani. Wiki ya kwanza watu watajikaza na kuonyesha adabu. Ya pili ndiyo itakayokwambia ukweli.

Mkishampata, mtangaze lini? Hapa wengi hukosea kwa kuwahi. Septemba 2004 NBC ilitangaza kwamba Conan O'Brien angempokea Jay Leno kuendesha The Tonight Show, kipindi cha usiku cha mahojiano na mizaha, mwaka 2009. Miaka mitano! Kufika siku yenyewe Leno alikuwa bado anaongoza kwa watazamaji na hakuwa na hamu ya kuondoka, kwa hiyo akapewa kipindi kingine cha usiku kwenye kituo hichohicho, saa moja na nusu kabla ya mrithi wake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Januari 2010 kituo kilitaka kumrudisha Leno saa yake ya zamani na kumsogeza O'Brien baada ya saa 6 usiku. O'Brien akakataa na kuondoka, akiwa amekaa kitini miezi saba na ushee. Machi Leno alikuwa amerudi. Kwenu ninyi, miezi sita kabla inatosha. Na Mzee akiondoka, aondoke: asibaki na ofisi, asibaki na cheo cha "mshauri" kinachompa ruhusa ya kuingia usomaji wa mezani. Waandishi watamwandikia yeye hata akikaa kona na kunyamaza.

Mtu aliyejenga kitu kwa miaka 18 atawashwa, hilo nalo mlifikirie kwa huruma. Johnny Carson aliacha The Tonight Show Mei 1992 baada ya miaka 30 na karibu hakuonekana tena kwenye televisheni. Lakini siku chache kabla ya kifo chake Januari 2005 ilijulikana kwamba alikuwa akimtumia David Letterman, mwendeshaji wa kipindi cha usiku cha CBS, mizaha aliyoiandika nyumbani, na Letterman alikuwa akiitumia hewani bila watazamaji kujua inatoka wapi. Nimeipenda siku zote habari hiyo. Mzee wenu naye aachiwe dirisha kama hilo: atume mzaha akijisikia, na mrithi awe huru kuutupa.

Kisha kuna subira, na hii iwekeni kwenye karatasi kabla ya siku ya kwanza. Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, alipompokea Stewart The Daily Show Septemba 2015, Wamarekani wengi hawakumjua, na watazamaji walipungua mwanzoni. Kituo kilivumilia, naye hakujaribu kuwa Stewart. Akakaa miaka saba. Iombe bodi misimu miwili bila kumwondoa mtu, na ikikataa, ujue kwamba haijatafuta mrithi bali mtu wa kumtupia lawama. Mtu mwenye akili zake hatakubali kiti hicho, na wewe usimsukume.

Yapo mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kuyamaliza, na wewe kwa kurasa mbili huwezi. Kaeni na mwanasheria wa hakimiliki, mtu na mtu, mikataba ikiwa mezani, kabla ya Mzee kuaga hadharani. Jina la kipindi ni la nani? Wahusika aliowabuni yeye mnaweza kuendelea kuwatumia? Letterman alipohama NBC kwenda CBS mwaka 1993, NBC ilidai kwamba sehemu ya vitu vya kipindi chake ni mali yake, na mchekeshaji aliyejulikana kwa miaka kama Larry "Bud" Melman ikabidi atokee CBS kwa jina lake halisi, Calvert DeForest. Wale waliachana kwa uhasama; ninyi mnaachana kwa heri, lakini Mzee ana warithi wa damu pia, nao hawakusaini chochote. Na kama Mzee na wakubwa wa kituo wamefikia hatua ya kuongea kupitia kwako, tafuteni msuluhishi kutoka nje anayeheshimiwa na pande zote. Kuwa daraja la watu wawili waliokasirika si kazi ya mtayarishaji msaidizi. Kama sababu ya kung'atuka kwake ni afya, sahau habari ya miezi sita: jaribio la wiki mbili lifanyeni mwezi huu.

Sasa ile sentensi yako. Umeniambia hujawahi kuandika mzaha ukarushwa, ukaiweka pale kama mtu anayejitoa kwenye orodha kabla hajawekwa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na wewe umevukuta miaka 11. Sidhani kisu ni chako, na nadhani nawe hutaki. Ila ukuta niliousema, ule unaomfaa mwandishi mkuu asiyependa vikao, ni nani mwingine hapo anayejua bajeti inapasuka wapi, mdhamini gani hulalamika kwa mazoea na yupi akilalamika amemaanisha? Doumanian alitoka kwenye kiti kama chako, na Metcalfe pia. Tofauti yao nimeshakuonyesha.

Mwulize mwandishi mkuu, kabla ya bodi na kabla ya Mzee, kama angefanya kazi hiyo wewe ukiwa ukuta wake. Akisita, usimbembeleze, andika uliyoyaona kwenye zile wiki mbili na uwaache waamue. Akikubali, wewe umekuwa mhusika, na mhusika hawezi kuwa mwamuzi. Nenda kawaambie bodi hivyo waziwazi, wakabidhi ukurasa wa kwanza, ule wa watu wanaopaswa kubaki, na uwaombe wampe mtu mwingine aandike wa pili.